Huu mwekundu umekwenda wapi? Kwa mchoraji anayetaka kuchota kwenye asili yake

Siku nilipomleta shangazi studio kumwonyesha turubai nililojivunia kuliko yote, hakusimama mbali na kuinamisha kichwa kama wafanyavyo watu kwenye kumbi za maonyesho. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Picha ilikuwa ya mwanamke ameketi, na nyuma yake nilikuwa nimetundika mkeka mkubwa, mwekundu na mweusi na rangi ya majani makavu, umechukua nusu nzima ya turubai. Mkeka peke yake ulinila wiki tatu. Shangazi, ambaye kasuka mikeka tangu hajavunja ungo, akaweka kidole kwenye ukindu mmoja mwekundu, yaani uzi mmoja wa jani la mkindu, akaufuata. Ukapita juu, ukapita chini, ukapita juu, ukafika ukingoni mwa ukili, ule mshipi uliosukwa ambao mkeka hushonwa kwao. Kidole kikasimama.

"Huu mwekundu umekwenda wapi?"

Sikumwelewa.

"Umefika hapa ukafa. Haurudi. Na huyu mweusi naye katoka wapi? Mwanangu, mkeka wako huu mtu akiuinua tu, unafumuka."

Nilicheka, nikamwambia hii ni picha, shangazi, hakuna atakayeulalia. Akacheka naye, akaomba maji ya kunywa. Alipoondoka nilirudi kwenye lile turubai na kidole changu mwenyewe, nikafuata kindu moja baada ya nyingine. Zaidi ya nusu zilikuwa zinafia njiani.

Nayaandika haya kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi na wachoraji vijana ni lilelile, kila mmoja na maneno yake: nifanyeje asili yangu ionekane kwenye kazi zangu bila kazi kufanana na vinyago vya watalii? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa la kijuujuu. Siku hizi huwaeleza habari ya kidole cha shangazi.

Kosa langu halikuwa uvivu. Mkeka niliuchora kutoka kwenye picha ya simu, kwa makini, kivuli kwa kivuli. Nilichokosa ni kujua kwamba kwenye mkeka rangi haiwekwi mahali. Msukaji huingiza ukindu mwekundu mwanzoni kabisa mwa ukili, na baada ya hapo ukindu ndio unaokwenda: mshazari, juu, chini, hadi ukingoni, unakunjwa, unarudi mshazari wa upande wa pili. Ile nakshi ya vipembepembe tunayoiona na kuiita pambo ni safari ya ukindu mmoja tu. Uamuzi umefanyika mwanzo, mengine yote ni matokeo. Mimi nilikuwa nimechora matokeo elfu moja bila uamuzi hata mmoja.

Nikamwomba anifundishe. Nilikaa naye sakafuni kwa miezi, jioni tatu kwa wiki, na sikuwahi kusuka ukili wa kuringia. Vidole vyangu vya brashi havikuwa na ubavu wa kubana. Ukindu ukikauka unakatika, kwa hiyo unaunyunyizia maji. Ukiulowesha mno, ukili unakauka baadaye na kulegea. Nilijifunza kuhesabu kwa vidole huku macho yanatazama kwingine. Nilijifunza pia jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha uchoraji, na kama utachukua kitu kimoja kutoka kwenye makala hii, chukua hili: ukikaa na fundi wa kazi ya asili, usimuulize kwanza nakshi hii inamaanisha nini. Atakutungia maana ili akuridhishe, au atakwambia ile anayowaambia wageni. Muulize makosa yanaitwaje.

Shangazi ana maneno ya makosa mengi kuliko ya nakshi. *Umelegeza.* *Umebana.* *Umepoteza*, yaani ukindu umeingia upande usio wake. Na kubwa kuliko yote, *umeruka*: badala ya kupita juu ya mmoja umepita juu ya wawili. Kosa la kuruka halionekani palepale. Unaendelea kusuka ukiwa na furaha, na baada ya shubiri mbili unaona ukili umeanza kupinda kama nyoka, na hujui kwa nini. Inabidi ufumue kurudi nyuma hadi ulipokosea. Kila jina la kosa lina kanuni nyuma yake, na kanuni ndiyo hasa urithi. Nakshi ni kivuli chake.

Tazama waliofanikiwa, utaona wengi walipitia mlango huohuo.

Mchoraji Ibrahim El-Salahi ndiye ninayemrudia zaidi. Alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930, baba yake akiwa mwalimu wa Kurani, na maandishi aliyaanza utotoni kwenye ubao. Miaka ya 1950 akaenda London kusoma Slade, chuo cha sanaa, akajifunza kila kilichofundishwa pale, akarudi Khartoum na kuandaa maonyesho. Watu wakaja siku ya ufunguzi. Baada ya siku hiyo hakuna aliyerudi kutazama. Mwenyewe amesimulia jinsi jambo hilo lilivyomchoma. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka akitazama vitu ambavyo watu wa kawaida walikuwa navyo majumbani. Ndipo akaanza kuandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha zake, kama mtu anayepiga hodi nyumba ya watu. Watu wakasogea kuyasoma. Kisha herufi zikaanza kukua na kutambaa katikati ya picha, na mwishowe akazivunja. Alipovunja herufi, kutoka kwenye vipande vyake zikajitokeza sura za watu, wanyama, mimea. Mwaka 2013 Tate Modern, jumba la sanaa la London, ikamfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake.

Angeweza kuishia kwenye hatua ya kwanza. Angechora picha za kizungu zenye aya pembeni, na zingeuzwa. Wengi wetu tunaishia hapo: picha ileile tuliyofundishwa shuleni, halafu pembeni tunabandika alama ya kwetu kama muhuri wa posta. El-Salahi aliijua herufi kwa mkono tangu utoto, alijua inaanzia wapi na inapinda wapi, ndiyo maana alipoivunja haikuwa takataka.

Uche Okeke naye, Nigeria. Akiwa mwanafunzi huko Zaria mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na wenzake waliunda chama cha wanafunzi wa sanaa kubishana na mtaala uliokuwa umejaa Ulaya. Kwa Waigbo kulikuwa na uli, michoro ambayo wanawake waliichora kwenye ngozi na kuta, na mama yake Okeke alikuwa mjuzi wake. Akakaa chini kujifunza kwa mama. Ukitazama michoro yake ya wino ya miaka ya 1960 huoni ukuta wala mwili uliopambwa. Unaona mstari mmoja unaojua wakati wa kunenepa na wakati wa kukatika, na karatasi nyeupe kubwa iliyoachwa kwa makusudi. Uli inaheshimu sana mahali patupu. Alichukua adabu ile ya kuacha.

Shahzia Sikander, mchoraji wa Pakistan, kidogo, kwa sababu ana somo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Lahore, picha ndogo za zamani za makasri, zile zinazochorwa kwa brashi ya nywele za kindi kwenye karatasi iliyogandishwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa hadi ing'ae, zilidharauliwa na wanafunzi wengi wa sanaa kama vitu vya kuwauzia wageni. Yeye ndiye akazitaka. Kazi yake ya kuhitimu, iliyokamilika mwaka 1990, ni picha ndefu ya zaidi ya mita moja na nusu inayomfuata mwanamke kijana chumba hadi chumba ndani ya nyumba ya leo. Hakuna mfalme wala tembo. Nidhamu ni ya karne kadhaa, nyumba ni ya juzi. Ukitaka kujua kama umeelewa asili yako, jaribu kuchorea kitu ambacho wazee wako hawakuwahi kukiona. Kama mkono unagoma, ujue ulikariri.

Esther Mahlangu wa Afrika Kusini hana shida hiyo hata kidogo. Aliyezaliwa mwaka 1935 na kufundishwa na mama na bibi yake akiwa na miaka kumi, anachora mistari iliyonyooka kama uzi bila rula, kwa unyoya wa kuku. Mwaka 1991 alichora gari zima la BMW kwa mkono uleule unaochora kuta. Na hizo nakshi za Kindebele ambazo watu hudhani zimeshuka na mababu zilivyo, ndani yake kuna wembe, kuna ndege ya angani. Wanawake walichora walichokiona.

Hapo niseme kidogo kuhusu ukongwe, maana unatutesa. Vijana wengi wanaoniandikia wanaona asili ni lazima iwe ya kale, tena ya kijijini, tena iwe imeshakufa. Picha za Tingatinga, zile za wanyama zenye rangi za kung'aa, leo zinaonekana kama zimekuwepo siku zote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta za dukani kwenye vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 alikuwa ameshauawa kwa risasi. Miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake ndio walioibeba staili, na sasa kuna mtu amezaliwa ndani yake na anaiita urithi, na hakosei. Michoro ya nyuma ya mabasi anayoichora kaka yako inaweza kuwa asili yako kuliko ngao usiyowahi kuishika.

Kuhusu vifaa sitaki kusema mengi, ila moja. Kubandika kitambaa cha asili kwenye turubai si kazi kubwa. Kukiachia kitambaa kiti cha usemaji ndiyo kazi. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwapondwa nchini Uganda hadi liwe kitambaa. Kwa Waganda ni kitu cha heshima, cha kutawazia na cha kuzikia. Yeye aliikuta Nairobi ikiuzwa kwa watalii. Gome halinyooki. Lina matundu, lina mishono mahali lilipochanika likashonwa, na anapochora hafichi: tundu linabaki tundu katikati ya picha, na mshono unapita ndani ya uso wa mtu. Mimi nilijaribu kuchora juu ya ukili wenyewe nikashindwa vibaya. Rangi ilikaa vilimani tu, mabondeni haikuingia, na turubai (niliita turubai, lilikuwa jamvi lenye huzuni) likaanza kunuka ukungu. Usichukue kifaa cha asili kwa sababu kinapendeza kwenye maelezo ya picha. Kichukue ukiwa tayari kushindana nacho.

Sasa upande usiopendeza, ambao wengi wanauruka.

Si kila kitu cha kwenu ni chako. Niliwahi kuona alama iliyochongwa kwenye ngoma ya zamani, nikaipenda, nikaichora kubwa katikati ya picha. Mzee mmoja alikuja kutazama kazi zangu, akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ina siku yake, na ina watu wake." Hakugomba. Angegomba ningebisha. Nilipopata nafasi ya kuuliza kwa wanaohusika, nikaelewa kwamba haikupaswa kutazamwa na mtu yeyote wakati wowote. Nikaifunika kwa rangi. Ile picha bado ninayo, na taa ikipiga kwa ubavu, unaiona alama imevimba chini kama mshipa.

Nilidhani ni aibu yangu peke yangu hadi niliposoma habari za Papunya, katikati ya Australia. Mwaka 1971 wazee wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile, walianza pale kuhamishia kwenye mbao michoro ambayo kabla yake ilichorwa mchangani na mwilini. Baadhi ya mbao za mwanzo zilikuwa na mambo ambayo hayakupaswa kuonwa na asiyefundwa, na picha zilipoanza kusafiri, jamii ililalamika. Wachoraji wakabadilika, wakaacha mambo ya siri, na nukta zikazidi kutanda. Wengi wanaozisifu leo hawajui kuwa nukta zile zilisaidia pia kufunika. Halafu kuna kesi ya mazulia ya mwaka 1994: picha za wasanii wa Kiaborijini zilinakiliwa bila ruhusa kwenye mazulia yaliyotengenezwa Vietnam na kuingizwa Australia, na mahakama ya shirikisho ikawapa wasanii haki. Kilichowauma hakikuwa fedha peke yake. Hadithi takatifu ilikuwa imefanywa kitu cha kukanyagwa na viatu.

Kwa hiyo uliza. Uliza watu wawili au watatu wasiokaa pamoja, maana mmoja anaweza kukupa ruhusa isiyo yake. Ukiambiwa hapana, usitafute wa nne atakayekubali. Na fundi aliyekufundisha, mtaje kwa jina kwenye maonyesho kama mwenyewe anataka, mpe sehemu ya mauzo. Shangazi yangu jina hakutaka. Sehemu ya mauzo aliitaka, na aliihesabu.

Soko nalo. Zile picha za mwanzo za mikeka inayofumuka, nilizichora saba, zote ziliuzwa. Mwenye ukumbi mmoja akaniomba nyingine tano, "na mkeka uwe mkubwa zaidi". Nikazichora. Sikuwa na njaa, nilikuwa na furaha ya kutakiwa, ambayo ni mbaya kuliko njaa. Miaka michache baadaye nilikutana na mojawapo ya picha hizo ukutani kwa mtu, nikakaa chakula chote nimeipa kisogo. Mnunuzi ana haki ya kupenda anachokitambua. Hilo halina ubaya. Tatizo linaanza pale unaposhika brashi ukijua tayari atakachosema. Mimi najipima hivi: nikiweza kuandika maelezo ya picha kabla sijaichora, siichori.

Wapo wanaoniambia muda umewapita, kwamba wengine walianza utotoni kwa mama zao. Emily Kame Kngwarreye wa Utopia, Australia, alianza kuchora kwa akriliki kwenye turubai akikaribia miaka 80, mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya miaka kadhaa ya batiki na umri mzima wa kuchora mistari ya sherehe kwenye miili ya wanawake wenzake. Alifariki mwaka 1996. Katika muda ule mfupi aliacha picha maelfu. Mkono ulikuwa umeshajua, turubai ndilo lililochelewa. Labda na wewe kuna kitu mkono wako unakijua ambacho hujawahi kukiita sanaa: kusuka nywele, kufunga mzigo usilegee, kupanga kuni. Anzia hapo kabla hujaenda makumbusho.

Mimi sichori mikeka tena. Picha ninayohangaika nayo sasa ni ya watu kwenye foleni benki, watu ishirini na kitu, mabega na mifuko na migongo. Kila rangi niliiamua siku ya kwanza upande wa kushoto na nikajikataza kuigusa. Bluu inaanzia kwenye kola ya mlinzi, inapita nyuma ya mama mmoja, mbele ya mwingine, inafika ukingoni kwenye mkoba wa shule, inakunja, inarudi. Hakuna mtu atakayeona ukili humo. Kuna kitu kilikuwa kinanikera kwenye picha hii kwa siku nyingi, nusu ya kulia ilikuwa inalala upande kama kabati lenye mguu mfupi, na nilikuwa nimeshabadilisha sura za watu wanne bila nafuu.

Wiki iliyopita shangazi alikuja. Macho yamepungua, kwa hiyo alisogea zaidi ya zamani. Hakuuliza hawa ni akina nani. Alitafuta kidogo, akaipata bluu, akaweka kidole, akaanza kutembea nayo. Juu, chini, juu. Karibu na katikati, kwenye bega la kijana mwenye kofia, shubiri mbili kabla ya pale picha inapoanza kulala, kidole kikasimama.

"Hapa umeruka," akasema.